Jinai ya Kola Nyeupe na Wakili Wake

Wasifu wa mawakili wakubwa wa New York hufanana sana: aliwahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho, sasa anatetea washtakiwa wa jinai ya kola nyeupe. Wanaotafsiri kwa Kiswahili wanapofika hapo wengi huandika "utetezi wa kesi za uhujumu uchumi". Ni kosa linalomnyima msomaji mambo mawili.

Istilahi ya kola nyeupe tunayo kutoka kwa mwanasosholojia Edwin Sutherland, aliyeitumia katika hotuba yake mjini Philadelphia mwaka 1939. Shati jeupe lilikuwa vazi la ofisini. Sutherland alikusudia kosa analolitenda mtu mwenye heshima na cheo, tena katika kazi yake hiyohiyo. Kitabu chake cha mwaka 1949 kilichambua mashirika 70 makubwa ya Marekani, lakini mchapishaji aliogopa kushtakiwa, majina ya mashirika yakaondolewa. Toleo lenye majina lilitoka mwaka 1983, Sutherland akiwa ameshafariki. Watu ambao hata mtafiti hakuweza kuwataja kwa majina: hao ndio aliowakusudia.

Uhujumu uchumi ni habari nyingine. Neno hilo humtazama aliyeumizwa, yaani taifa, wala haliulizi aliyeumiza ana cheo gani. Msako wa mwaka 1983 wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine uliwaandama walanguzi na waficha bidhaa, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1984 inamgusa hata jangili aliyekamatwa na pembe za ndovu. Jangili huyo hajawahi kukanyaga ofisi ya mtu. Ndiyo maana napendelea "jinai ya kola nyeupe". Kamusi zina "ukosi", lakini ukienda kwa fundi cherehani utasikia "kola", na istilahi ikae kwenye neno linalosemwa.

La pili limo katika neno "utetezi". Tukilisikia tunamwona wakili amesimama mbele ya hakimu. Kazi ya wakili huyu kwa sehemu kubwa hufanyika kabla ya shtaka kuwapo. Kampuni inapokea amri ya kutoa nyaraka. Wakili anawaita wafanyakazi mmoja mmoja. Kabla ya swali la kwanza humwambia kila mmoja: mimi ni wakili wa kampuni, si wako, siri ya mazungumzo haya ni mali ya kampuni, na ikitaka itaipa serikali. Onyo hilo limetokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1981 katika shauri la kampuni ya Upjohn. Baada ya hapo wakili anakwenda kwa waendesha mashtaka kuwashawishi wasishtaki, au waahirishe mashtaka kwa masharti. Kwa hiyo "uwakili wa kesi za kola nyeupe" ni tafsiri pana na ya kweli zaidi.

Hapo ndipo thamani ya aliyewahi kushtaki inapoonekana: anajua ni ushahidi gani humfanya mwendesha mashtaka asite. Mary Jo White aliongoza ofisi ya mashtaka ya Wilaya ya Kusini ya New York kuanzia 1993 hadi 2002, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Akaenda kampuni ya uwakili ya Debevoise & Plimpton, akateuliwa mwaka 2013 kuongoza tume inayosimamia masoko ya hisa na dhamana, kisha mwaka 2017 akarudi Debevoise.

Sheria ya Marekani inamkataza milele aliyetoka serikalini kumwakilisha mtu mwingine mbele ya serikali katika shauri mahususi alilolishughulikia yeye mwenyewe kwa uzito. Naiona ni kinga ya lazima, lakini nyembamba: inalinda faili. Ujuzi wenyewe unabaki huru kuuzwa, na anayeweza kuununua ni yuleyule mwenye cheo aliyesemwa na Sutherland. Kijana aliyekamatwa barabarani na dawa za kulevya hukutana na wakili wake akiwa ameshatiwa mbaroni.