Sayatika: Tepu inapunguza maumivu, mazoezi ndiyo tiba

Tepu za rangi unazoziona kwenye magoti na mabega ya wanamichezo zilibuniwa miaka ya 1970 na Mjapani Kenzo Kase. Siku hizi hubandikwa hata kiunoni kwa wenye sayatika. Je, zinasaidia?

Sayatika ni nini?
Ni maumivu yanayoanzia kiunoni au takoni na kushuka mguuni, mara nyingi mguu mmoja, pamoja na ganzi. Hutokea mshipa mkubwa wa fahamu unapobanwa, mara nyingi na diski ya uti wa mgongo iliyotokeza.

Kazi za kuinama na kubeba mizigo huuchosha mgongo. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wanalijua hilo: huinama saa nzima nzima maji yakiwa yamekupwa, kisha hubeba mwani mbichi hadi ufukweni.

Tepu inafanya nini?
Hairudishi diski wala haifungui mshipa uliobanwa. Kwa baadhi ya watu hupunguza maumivu kwa muda. Tafiti za maumivu ya mgongo zinaonyesha nafuu yake ni ndogo.

Basi itumie nafuu hiyo kufanya mazoezi: kutembea, kunyoosha mgongo na mguu taratibu, kuimarisha tumbo na matako. Ukibandika tepu halafu ukalala kutwa, umepoteza pesa yako.

Mazoezi yapangwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Zoezi likizidisha maumivu ya kushuka mguuni, acha, umwambie.

Ukitaka kuibandika
- Osha ngozi, ikauke. Usipake mafuta ya nazi kwanza.
- Usiivute kupita kiasi. Ncha zake zisivutwe kabisa.
- Hukaa siku 3 hadi 5. Ikilowa, ikaushe kwa taulo bila kusugua.
- Ngozi ikiwasha au kutoa malengelenge, itoe mara moja.
- Usibandike juu ya kidonda.

Usisubiri
Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 4 hadi 6. Lakini ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea, hiyo siyo kazi ya tepu wala ya kuchuliwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo; kwa walio Mji Mkongwe, Mnazi Mmoja ipo karibu. Ukichelewa, ulemavu unaweza kuwa wa kudumu.