Faili Iliyofika Nairobi Kabla ya Kuvuka Mtaa

Ndia Kuu, barabara inayotoka Fort Jesus kuingia Mji wa Kale wa Mombasa, iliwahi kuwa na duka la dawa la Edward St. Rose. Enzi hizo habari za mgonjwa zilisafiri kwa miguu: daktari aliandika cheti, mgonjwa akakipeleka mwenyewe dukani.

Hospitali zilipoongezeka kisiwani, Aga Khan ikiwemo tangu 1944, kila moja ilijiwekea faili zake. Ukipoteza kadi yenye namba yako, umekuwa mgeni. Aliyepewa rufaa aliondoka na barua mfukoni na picha za eksirei kwapani. Afadhali mama mjamzito: kitabu chake cha kliniki alirudi nacho nyumbani, na muuguzi yeyote angeweza kukisoma.

Kompyuta zilianzia bara. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana cha Marekani viliweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret. Ukimwi ndio uliosukuma kazi hiyo mbele. Mtu anayemeza dawa maisha yake yote lazima daktari ajue alianza na zipi, lini, na kinga yake inapanda au inashuka. Mwaka 2004 ikazaliwa OpenMRS, programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuirekebisha. Juu yake ikajengwa KenyaEMR, iliyoanza kusambazwa 2012.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, nchi nzima ilikuwa imeanza kutumia mfumo wa DHIS2 kukusanya takwimu za kila mwezi. Basi Nairobi ikaweza kujua Mombasa imetibu wagonjwa wangapi wa malaria, ilhali daktari wa hospitali ya Coast General hajui mwenzake wa hospitali ya pili ameandika dawa gani juzi. Hospitali za binafsi nazo zilinunua kila moja mfumo wake, na sidhani ziliona haja ya kuharakisha: mgonjwa ambaye faili yake haihami, naye hahami kwa urahisi.

Oktoba 2023 ikatiwa saini Sheria ya Afya ya Kidijitali, inayotaka mfumo mmoja uunganishe vituo vyote. Julai 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha pamoja na ile ya bima ya afya ya jamii. Septemba, Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo. Tarehe 1 Oktoba mamlaka ya bima hiyo, SHA, ikachukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF.

Mji wa Kale, hata hivyo, una hofu yake. Mitaa ni myembamba, na karani wa mapokezi huenda akawa binamu ya mkweo. Faili ya karatasi iliyofungiwa kabatini ilisomwa na wachache. Inayofunguka kila hospitali inaweza kufunguliwa na wengi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa habari zake zinatumiwaje, lakini ni wangapi dirishani waliowahi kuuliza?