Fangasi ya Kinywa katika Makao ya Wazee: Meno Bandia Yaliyosahauliwa

Katika makao ya kutunzia wazee nchini Uingereza, fangasi ya kinywa ikigunduliwa, daktari huandika dawa ya nistatini na aghalabu utando wake hutoweka. Kwa wazee wengi haukawii kurudi. Hoja yangu ni kwamba dawa husingiziwa bure: anatibiwa mzee, meno yake bandia hayatibiwi.

Kandida albikansi, fangasi yenyewe, huishi vinywani mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru. Huipa nguvu upungufu wa mate unaoletwa na dawa za sonona, za kibofu au za kuongeza mkojo, antibayotiki, kisukari, na dawa za pumu zenye steroidi, zinapovutwa bila kusukutua mdomo baadaye. Wakazi wengi wa makao haya wanayo kadhaa kati ya hayo kwa pamoja. Tena wapo wenye meno bandia ya akriliki, plastiki yenye vitundu ambamo fangasi hujijengea tabaka lisilopenyeka kirahisi. Mtu akilala nayo, kaakaa hukosa mate usiku kucha.

Hata uchunguzi hukosewa. Wengi hutafuta weupe, ilhali fangasi ya meno bandia kwa kawaida ni nyekundu: kaakaa lililoiva chini ya bamba la meno hayo, mara nyingi bila maumivu. Pengine dalili pekee ni vidonda kwenye pembe za midomo, au mzee kusukuma sahani kando na kuandikiwa kuwa hana hamu ya kula. Asiyeyavua meno hayo hataona kitu.

Dawa zina nafasi yake. Nistatini ya maji hutolewa mara nne kwa siku, kwa siku 7 hadi 14, nayo huua fangasi kwa kuigusa. Lazima ikae mdomoni, meno bandia yakiwa nje. Mzee aliyepoteza kumbukumbu huimeza papo hapo. Huyo ana haki ya kupewa flukonazoli ya kumeza, miligramu 100 hadi 200 mara moja kwa siku. Nashuku, hata hivyo, kwamba mara nyingine huchaguliwa kwa kuwa tu huwapunguzia wahudumu kazi. Flukonazoli huzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi mgonjwa kuweza kutokwa damu, na huweza kuporomosha sukari ya anayetumia gliklazidi kwa kisukari. Jeli ya mikonazoli, ijapokuwa ya kupaka, nayo ina hatari hiyo ya warfarini. Klorheksidini ya kusukutua huidhoofisha nistatini, hivyo zisitumiwe kwa wakati mmoja.

Kupiga mswaki meno bandia, kuyaloweka katika dawa ya kuua vijidudu na kuyavua usiku ni kazi ya mhudumu, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mwaka 2016 taasisi ya NICE, inayoandaa miongozo ya tiba, ilitoa mwongozo wa afya ya kinywa kwa makao ya Uingereza. Mwaka 2019 ripoti ya CQC, tume inayokagua makao hayo, ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya makao waliyoyatembelea hayakuwa na sera ya kulinda afya hiyo. Huo si uzembe mdogo. Jaribio lililofanyika katika makao 11 ya Japani na kuchapishwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba, katika miaka miwili, nimonia iliwapata asilimia 11 ya waliosafishwa vinywa na asilimia 19 ya wengine.

Pingamizi lenye uzito dhidi ya kuyavua meno usiku ni heshima ya mzee. Wapo wasiokubali kuonekana bila meno hata na muuguzi wa usiku, na kumlazimisha mtu mzima ni kumvunjia utu. Makubaliano yanawezekana: ayavue saa chache mchana, akiwa peke yake chumbani, yakilowekwa.

Fangasi ikirudi licha ya yote hayo, daktari wa meno akague kama bamba bado linakaa sawasawa, orodha ya dawa ipitiwe upya, na sukari ipimwe. Virusi vya UKIMWI navyo vipimwe, kipimo ambacho madaktari husita kumwomba mtu wa miaka 80.