Kijana wa Ng'ambo ya Barabara

Kila yanapokaribia mashindano makubwa ya gofu, watu waujuao mchezo huo huanza kuwataja washindi kabla kipira cha kwanza hakijapigwa. Wengine huandika magazetini, wengine huwekeana dau, na wengine hubishana bure tu. Njia yao ni moja tangu zamani: humtazama aliyeshinda mwaka jana na mwaka juzi, wakavihesabu vikombe vyake, wakasema, "Huyu ndiye." Si njia ya kijinga, kwani mara nyingi hupata. Lakini mwezi wa Septemba 1913, huko Brookline katika jimbo la Massachusetts, Marekani, hesabu hiyo ilikosa kwa namna ambayo wapenzi wa gofu hawajaisahau hata leo.

Msomaji ambaye hajapata kuutazama mchezo huu na ajue kwamba kiwanja kina mashimo 18, yaliyotawanyika mbali mbali katikati ya majani, miti na mitego ya mchanga. Mchezaji hukipiga kipira kwa fimbo mpaka kitumbukie shimoni, kisha huliendea shimo jingine, na mapigo yote huhesabiwa. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Tena, viwanja vya kandanda hulingana, lakini viwanja vya gofu havilingani kabisa. Hapa njia imepinda, pale kuna mteremko usioonekana kwa macho, na kule upepo hugeuka ghafula. Neno hili tutalirudia.

Katika Mashindano ya Wazi ya Marekani ya mwaka ule majina matatu ndiyo yaliyokuwa vinywani mwa watu. La kwanza lilikuwa la Harry Vardon, mwana wa mtunza bustani wa kisiwa cha Jersey, ambaye alikwisha kushinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mara tano, na yale ya Marekani mwaka 1900. La pili ni la Ted Ray, naye pia mtu wa Jersey, mwenye mwili mkubwa na pigo la kutisha, aliyeshinda Uingereza mwaka 1912. Mashindano yenyewe yalikuwa yafanywe mwezi wa Juni, yakaahirishwa hadi Septemba ili hawa wawili wapate kuwahi. Mtu akingojewa miezi mitatu, si ajabu watu kudhani kwamba kikombe kimekwisha kuwa chake. Wamarekani waliotaka kujifariji walimtaja John McDermott, aliyeshinda mwaka 1911 na 1912, na ambaye wiki chache tu zilizopita aliwashinda Vardon na Ray huko Shawnee.

Francis Ouimet hakutajwa. Alikuwa kijana wa miaka 20, muuzaji katika duka la vifaa vya michezo mjini Boston, na alicheza kwa kupenda tu bila malipo. Kweli, mwaka ule ule alikuwa bingwa wa jimbo lake miongoni mwa wachezaji wasiolipwa. Lakini hakuna mchezaji wa namna hiyo aliyepata kuyashinda Mashindano ya Wazi ya Marekani tangu yalipoanzishwa mwaka 1895. Yeye mwenyewe hakuwa na nia ya kuingia, mpaka rais wa chama cha gofu cha Marekani alipomsihi.

Baba yake Ouimet alikuwa mhamiaji kutoka Kanada, mfanya kazi wa mikono, wala hakuupenda mchezo huu. Nyumba yao ilikuwa katika barabara ya Clyde, na ng'ambo ya barabara, mbele ya mlango wao, palikuwa na shimo la 17 la kiwanja hicho cha Brookline. Alipokuwa mtoto Francis alikatiza kiwanjani akienda shule, akiokota vipira vilivyopotea. Yeye na nduguye Wilfred wakajitengenezea mashimo matatu katika malisho nyuma ya nyumba. Baadaye akawa mchukuzi wa fimbo za matajiri wanachama wa klabu, akitembea nyuma yao siku baada ya siku, akiona kila kosa lao na mahali lilipotendeka.

Mashindano yalikuwa ya mizunguko minne. Vardon alimaliza kwa mapigo 304, na Ray vile vile 304. Ouimet alikuwa bado kiwanjani, tena ameharibu sana mwanzo wa mzunguko wake wa mwisho, na wengi walikwisha kumwacha. Katika shimo la 13 alikipiga kipira kutoka nje ya majani mafupi kikaingia moja kwa moja. Kisha akafika la 17, lile la mbele ya nyumba yao. Barabarani motokaa zilikuwa zikipiga honi kwa fujo, naye akainama, akakisukuma kipira mwendo mrefu, kikaingia. Baadaye alisema kwamba hakuzisikia honi hizo. Akamaliza naye kwa 304.

Kesho yake, tarehe 20 Septemba, wote watatu walicheza tena mzunguko mmoja, mvua ikinyesha. Mchukuzi wa Ouimet alikuwa mtoto wa miaka 10, Eddie Lowery, ambaye mfuko wa fimbo ulikaribia kumzidi kimo. Watu walitaka abadilishwe kwa mtu mzima, Ouimet akakataa. Baada ya mashimo tisa wote walikuwa sawa, mapigo 38 kila mmoja. Walipofika tena shimo la 17 Ray alikwisha kuachwa nyuma, na Vardon alikuwa amepitwa kwa pigo moja tu. Njia ya shimo hilo hupinda. Vardon, akitafuta kulipata pigo lake, alijaribu kuukata mpindo huo, na kipira kikaangukia mtego wa mchanga. Alimaliza kwa mapigo matano, Ouimet kwa matatu. Hesabu ya mwisho ilikuwa Ouimet 72, Vardon 77, Ray 78.

Je, wabashiri walikuwa wajinga? La. Waliwataja Vardon na Ray, na hao wakafika mpaka siku ya mwisho. Waliwapima watu vizuri sana. Ardhi ndiyo ambayo hawakuipima. Mtego ule uliommeza bingwa wa mara tano ulikuwa mbele ya mlango ambao Ouimet alitokea kila asubuhi. Sisemi kwamba kuijua ardhi kulitosha, kwani wavulana wengi wa Brookline walichukua fimbo katika kiwanja hicho na hawakushinda kitu. Moyo uliotulia wa kijana yule haukupatikana barabarani. Lakini mtu angaliwauliza wachukuzi, huenda angalisikia jina ambalo magazeti hayakuwa nalo. Hakuna aliyedhani kwamba mchukuzi ana la kusema.

Mwaka 1951 klabu ya kale ya St Andrews, Scotland, ilimfanya Ouimet nahodha wake, Mmarekani wa kwanza kupewa cheo hicho. Miaka minne baadaye, mashindano yale yale ya Marekani yakichezwa San Francisco, ubashiri ulikosa tena, na safari hii waliobashiri hawakungoja hata mchezo uishe. Ben Hogan, bingwa mara nne, alikuwa amemaliza kwa mapigo 287. Gene Sarazen, bingwa wa zamani, alimpongeza katika televisheni kwa ushindi wa tano. Nyuma kiwanjani alikuwa amebaki Jack Fleck, mwalimu wa gofu katika viwanja vya umma vya mji wa Davenport, Iowa, ambaye ni wachache sana waliomfahamu. Fleck akalifikia shimo la mwisho, akapata pigo alilolihitaji, wakawa sawa. Kesho yake alimshinda Hogan kwa mapigo 69 dhidi ya 72, akitumia fimbo zilizotengenezwa na kampuni ya Hogan mwenyewe.