Matunzo ya Wazee Mjini Kalemie

Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mzee wa mji huu hupata pa kulala, wa kuzungumza naye na wa kumfikisha hospitali bila kupitia ofisi yoyote moja. Kazi hiyo imegawanyika baina ya ukoo, makanisa na misikiti, vyama vya akiba, shirika la reli katika enzi zake, na mashirika ya misaada yaliyokuja na vita. Njia hizi hazikupangwa na mtu mmoja, na mara nyingi hazijuani. Mahali zinapokutana pana mjukuu. Yeye ndiye anayeteka maji, anayelala chumba kimoja na bibi, anayesimamisha pikipiki barabarani na kusoma karatasi iliyotoka benki. Mzee mwenye mjukuu mmoja aliyetulia ana mengi kuliko yanayotolewa na sheria zote zitakazotajwa hapa chini.

Jina na umri

Katika Kiswahili cha Katanga, kinachozungumzwa hapa, babu na bibi huitwa nkambo. Neno mzee lina kazi nyingine: ni heshima kabla ya kuwa umri, na mtu wa miaka 40 mwenye wafanyakazi chini yake huitwa mzee bila mtu kucheka. Laurent-Désiré Kabila, mwenye asili ya kaskazini mwa Katanga, anakumbukwa na Wakongo kwa jina la Mzee, ingawa alipouawa Januari 2001 alikuwa na miaka 61 tu. Kwa kipimo cha Umoja wa Mataifa, unaohesabu uzee tangu miaka 60, alikuwa amebisha hodi tu.

Kongo ni nchi ya watoto. Waliofika miaka 65 ni kama 3 katika kila watu 100, na hili peke yake linaeleza kwa nini mipango ya serikali huanza na shule na chanjo. Kuna kikwazo kingine, cha karatasi. Wengi waliozaliwa vijijini kabla ya uhuru wa 1960 hawana cheti cha kuzaliwa. Umri wao hukisiwa kwa matukio: alikuwa amevunja ungo waasi walipouteka mji mwaka 1964, au alikuwa bado anabebwa mgongoni mji ulipokuwa ukiitwa Albertville. Kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika kama kitambulisho, na mwaka ulioandikwa humo mara nyingi ni ule ambao karani na mzee walikubaliana siku hiyo.

Makazi

Neno la kwanza la makazi ni lupango, yaani kiwanja chenye ua ambamo nyumba kubwa na vibanda vya watoto waliooa husimama pamoja. Mzee mwenye lupango ana sauti. Hata asipokuwa na senti, wanaoishi humo wanaishi kwake, na sahani ya jioni haimpiti. Mzee aliyeuza lupango ili kulipia matibabu au karo huwa mgeni kwa mwanawe, na ugeni huo ndio unaofanya maneno ya mkamwana yamuume. Ndiyo maana wazee wengi hukataa kuuza hata pale inapoonekana ni busara, na mwandishi wa makala hii anaona wana haki.

Wajane wako mahali pa hatari zaidi. Sheria ya Familia ya Kongo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa 2016, inampa mke aliyebaki haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mumewe. Inawataka pia watoto wawatunze wazazi wao wenye shida. Mbele ya ndugu wa marehemu wanaofika kwenye kilio wakiwa na fundi wa kubadilisha kufuli, kifungu hicho kinahitaji mtu wa kukitamka kwa sauti. Anaweza kuwa shefu wa mtaa, katekista, au binti aliyesoma.

Nyumba zenyewe, nyingi za matofali ya udongo, hazimsubiri mtu azeeke. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitikisa ziwa Tanganyika na kubomoa nyumba mjini. Tangu 2020 maji ya ziwa yamepanda, na mwaka 2024 yaliingia katika mitaa ya ufukweni na bandarini. Kijana aliyehamishwa na maji hupanda mlimani na kujenga upya. Mzee hupanda mlima huohuo, lakini akishafika huko hashuki tena ovyo: soko, kanisa na zahanati vimebaki chini, kando ya barabara ya Lumumba inayofuata ziwa. Hivyo mafuriko yanayohesabiwa kama tatizo la nyumba huwa tatizo la miguu.

Maji ya kunywa nayo yana hesabu yake. Kalemie ni mji wa kipindupindu cha miaka mingi, na mzee asiye na mtoto wa kwenda bombani na kidumu hutumia maji ya ziwa au ya mto Lukuga, kwa kuwa hayo yako karibu.

Nyumba za kampuni

Kulikuwa na mpango mmoja mkubwa wa makazi mjini, nao haukutungwa kwa ajili ya wazee. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliyoanzishwa 1902, ilifikisha njia ya Kabalo hadi Kalemie mwaka 1915, kilomita 273. Pamoja na reli ilikuja kambi ya wafanyakazi, yenye nyumba, zahanati na posho. Filtisaf, kiwanda cha nyuzi na nguo, nacho kilikusanya familia kuzunguka lango lake. Mtu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa na kuoa ndani ya kambi. Jambo moja tu halikuwekewa nafasi: kuzeeka humo. Nyumba ilifuata kazi, na kazi ikiisha ilipaswa kurudishwa.

Mwaka 1974 reli zilitaifishwa na kuunganishwa katika shirika ambalo leo ni SNCC. Filtisaf ilikufa. Mishahara ya SNCC ilicheleweshwa kwa miaka, na wafanyakazi waliopita umri wa kustaafu walibaki kwenye orodha kwa sababu shirika halikuwa na fedha za kuwalipa malipo ya mwisho, yale ambayo wenyewe huyaita dekonti. Asiyepata dekonti hakutoka kwenye nyumba. Hivyo deni likageuka kuwa paa. Ilikuwa njia mbaya ya kuwapa wazee makazi, lakini iliwapa, na watoto wa kambi waliokulia humo ndio waliowatunza baba zao humohumo.

Pensheni ya wafanyakazi wa mishahara ilianzishwa mwaka 1961 chini ya INSS, taasisi ambayo sheria ya 15 Julai 2016 iliigeuza kuwa CNSS. Inamhusu aliyekuwa na mwajiri na aliyekatwa michango. Mvuvi wa ndagala hayumo, mkulima wa mihogo wa bonde la Lukuga hayumo, na mama aliyeuza samaki wakavu kwa miaka 30 hayumo. Wanapolingana wote mbele ya karatasi ni kwenye hati ya umaskini, ambayo huombwa kwa ofisi ya mambo ya jamii ya jimbo, inayojulikana kwa jina la DIVAS. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inawaahidi wazee na watu wenye ulemavu ulinzi maalumu. Sheria ya utekelezaji kwa wenye ulemavu ilitoka tarehe 3 Mei 2022.

Wa kuzungumza naye

Desturi ya kumpa bibi mjukuu wa kulala naye imeenea pande zote za ziwa. Watu wa nje huiona kama malezi ya mtoto. Wenyeji wanajua kwamba mtoto naye ametumwa kazini: awashe moto, asikilize kikohozi cha usiku, apige kelele jirani asikie. Malipo yake ni hadithi na kipande kikubwa cha samaki. Shule ilipofika, zamu ikawa ya usiku tu, na mchana wa mzee ukawa mrefu.

Mchana huo hujazwa na vikundi vya kidini kuliko na kitu kingine. Jimbo Katoliki la Kalemie-Kirungu lina jumuiya ndogo zinazokutana nyumbani kwa zamu. Wana Lejio ya Maria hupewa kila wiki kazi ya kuwatembelea wagonjwa na wazee na kutoa taarifa kwenye mkutano. Akina mama wa Kipendano wa Kanisa la Metodisti hufanya ziara kama hizo. Misikiti nayo ni ya siku nyingi, kwa kuwa pwani hii ilipokea wafanyabiashara kutoka Ujiji kabla ya Wabelgiji kufika, na fungu la zaka ya Ramadhani huwafikia wajane. Ziara hizi hazina bajeti. Zina kitu ambacho mashirika hulipia kwa shida: mtu yuleyule anarudi wiki ijayo, na anajua kwamba wiki iliyopita mzee alilalamikia goti la kushoto.

Wanaume wana mahali pao. Aliyekuwa mvuvi hukaa kivulini akishona nyavu za wengine, na mchezo wa kisolo hufanya mchana upite. Vyama vya akiba, kuanzia likelemba ya zamani hadi vikundi vinavyoitwa AVEC, huwakubali wazee wenye biashara ndogo, na wasio nayo hubaki nje. Vyama vya watu wa asili moja hukusanya michango ya hospitali na ya kilio. Sanduku la maiti hupata fedha upesi kuliko dawa, na wazee wenyewe huchekeana kwa jambo hilo.

Upweke una sura nyingine mbaya zaidi: shutuma za uchawi. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, anayeishi peke yake, mtoto wa jirani akifa hutazamwa yeye. Katika jimbo jirani la Kivu Kusini mwaka 2021 wanawake kadhaa waliuawa kwa shutuma hizo. Mjukuu anayelala chumbani ni ulinzi pia, kwa sababu ni shahidi.

Vita na orodha

Mapigano baina ya jamii za Watwa na Waluba yaliyozuka 2013 na kuchachamaa 2016 yaliwatoa vijijini zaidi ya nusu milioni ya watu wa jimbo hilo kufikia 2017. Kambi kama Katanika na Kalunga zilizuka kuzunguka mji. Walio wengi, kama kawaida ya Kongo, walipokewa na jamaa, na lupango la nkambo mara nyingi ndilo lililofunguliwa kwanza. Katika kambi mzee alikutana na kitu kipya: orodha ya watu wenye mahitaji maalumu. Aliyeandikwa humo alijengewa kibanda na vijana waliolipwa, na alibebewa mgao wake. Aliyekosa kuandikwa, kwa kuwa siku ya usajili hakuweza kutembea hadi kwenye meza, alikosa vyote viwili. Kasoro hiyo huonekana kambi baada ya kambi, na dawa yake ni rahisi: kupeleka meza kwa mzee.

Ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, shirika la HelpAge lilifanya kazi mahususi kwa wazee na wenye ulemavu.

Mwendo

Kalemie huendwa kwa miguu, na anayeshindwa hupanda pikipiki ya kukodi, ambayo wenyeji huiita moto tu. Mzee dhaifu hapandi peke yake. Hubanwa katikati, dereva mbele na mjukuu nyuma akimshika kiuno, namna ambayo Watanzania huiita mishikaki na polisi wao huikataza. Kwa mzee nauli hiyo ni ya watu wawili.

Nje ya mji hali ni nyingine. Barabara ya taifa namba 5 kuelekea Uvira huharibika masika, treni ya Kabalo haina ratiba ya kutegemewa, na boti za mbao zinahitaji mtu anayeweza kuruka kutoka majini. Mgonjwa mzee wa kijijini hubebwa kwa kipoyi. Ni neno lenye historia, kwani kipoyi kilikuwa kiti cha kumbebea ofisa wa kikoloni mabegani mwa watu wasioulizwa. Leo vijana hubeba kwa hiari, au kwa aibu ya kuonekana wamekataa.

Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, imeigeuza aibu hiyo kuwa chama. Vikundi vya engozi, jina la machela yenyewe, vina wanachama, zamu na faini kwa anayekwepa kubeba. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya afya mwaka 1996, ilipitia vikundi hivyo, kwa sababu tayari vilikuwa na daftari na imani ya watu. Milima ya Kigezi na ile iliyo juu ya Kalemie inafanana vya kutosha kwa wazo hilo kuvuka.

Wazo la kuwalipa wazee fedha limefika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki, lakini si hapa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, na ilizipandisha hadi 50,000 mwaka 2023. Kenya inalipa 2,000 za kwake kupitia Inua Jamii, Uganda 25,000 za kwake kwa waliofika 80. Nshamba, wilayani Muleba mkoani Kagera, mradi mdogo wa Kwa Wazee ulitangulia mwaka 2003, ukiwalenga mabibi waliolea wajukuu yatima wa ukimwi. Huo ndio unaokaribiana zaidi na Kalemie, maana ulielewa kwamba bibi na mjukuu ni kaya moja na shilingi ikimpa bibi chumvi inampa mtoto daftari.

Kwa mstaafu wa Kalemie, fedha zikija, safari haijaisha. Mwenye pensheni hutakiwa kuleta hati ya kuthibitisha kwamba yu hai, na hati hiyo hufuatwa ofisini. Mzee wa mlimani huanza na moto ya kushuka, halafu foleni, halafu moto ya kupanda, nauli mara mbili ya watu wawili, akiwa na kadi ya mpiga kura ndani ya mfuko wa plastiki na mjukuu aliyekosa shule siku hiyo.