Kutoka Land Rover hadi RAV4: hesabu ya nafasi ndani ya magari ya Voi na Taita

Hapa tumezoea kuzungumzia kompyuta na programu. Leo tuweke kibodi kando kidogo, tushike futi ya fundi. Swali ni hili: kati ya sedani na SUV, ni lipi lenye nafasi zaidi ndani? Wengi watajibu haraka kwamba ni SUV, kwa sababu "ni gari kubwa". Sawa, lakini ni kubwa wapi? Kwa urefu, kwa upana, au kwa kwenda juu?

Historia ya magari ya Taita Taveta inajibu vizuri, kwa kuwa kaunti hii ina kila aina ya njia: lami ya Mombasa–Nairobi inayopita Voi, vumbi jekundu la Tsavo, na kona za kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi.

Kwanza tuelewane maneno. Sedani ni masanduku matatu yaliyounganishwa: la injini, la watu, na buti. SUV ni masanduku mawili: la injini, na jingine moja la watu pamoja na mizigo chini ya paa moja. Mengine yote yanatokana na tofauti hiyo.

1948: sanduku la bati linafika

Aprili 1948 mambo mawili yalitokea. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa, na mwisho wa mwezi huohuo, tarehe 30, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Voi ikawa makao ya Tsavo Mashariki, ambako David Sheldrick alikuwa msimamizi hadi 1976, na Land Rover likawa gari la kazi katika mbuga za Afrika Mashariki.

Land Rover hilo la kwanza lilikuwa dogo kuliko watu wanavyodhani. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 80 tu, yaani kama mita 2.03. Bodi yake ilikuwa ya mabati bapa ya aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ubapa huo ulisaidia: ukuta uliosimama wima hauli nafasi ya ndani kama ukuta uliopinda. Baadaye likaja refu, la ekseli inchi 109, ambalo lilibeba watu na mizigo kwa miaka mingi.

Peugeot: sedani isiyoogopa mawe

Upande wa pili kulikuwa na sedani za Peugeot. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ilishinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson. Mbio hizo zilipita pia milima ya Taita, na ushindi huo uliwaonyesha watu kwamba gari la buti lenye tumbo lililoinuka na springi laini linaweza kumaliza njia mbaya.

Sasa tazama vipimo vya nje vya magari hayo mawili, 504 ya sedani na Land Rover 109:

- Urefu: 504 mita 4.49, Land Rover mita 4.45
- Upana: 504 mita 1.69, Land Rover mita 1.68
- Kwenda juu: 504 mita 1.46; Land Rover karibu mita 2.06

Umeona? Ukiyaegesha pamoja pale Voi, Land Rover linachukua ardhi kidogo *kupungua* Peugeot. Tofauti yote iko juu, kama sentimita 60. Ukizidisha, sanduku la Peugeot ni mita za ujazo 11 hivi, la Land Rover ni 15 hivi. Ni kweli sehemu ya hizo nne iko chini ya tumbo la gari, lakini nyingi iko ndani.

Land Rover hilo liliweza kuwa na viti 10, Peugeot 5. Siri ni ukaaji. Mtu aliyekaa wima kama kwenye stuli, magoti yake yanashuka na hachukui urefu mwingi wa gari. Aliyekaa chini kwenye sedani ananyoosha miguu mbele, kwa hiyo anahitaji sentimita zaidi. Pia wanne wa nyuma katika Land Rover walikaa kwenye mabenchi ya pembeni, wakitazamana. Nafasi ilipatikana, lakini mgongo ulilipa, hasa kwenye mawe.

Wafaransa nao walikuwa na jibu lao. Hawakwenda juu, walikwenda nyuma. Peugeot 504 ya familia ilisogezwa ekseli kutoka mita 2.74 hadi 2.90, urefu ukafika mita 4.80, na safu ya tatu ya viti ikaingia. Hilo ndilo gari la abiria saba ambalo Wakenya wengi wa miaka ya 1970 na 1980 walisafiria kati ya miji.

Sheria ya Japani kwenye mlima wa Taita

Mapema miaka ya 1990 uagizaji ulipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa. Pamoja nayo ikaja kanuni ambayo wengi hawaijui. Japani huhesabu gari kuwa dogo iwapo halizidi urefu wa mita 4.70, upana wa mita 1.70, kwenda juu mita 2.00, na injini ya sisi 2000. Ndiyo maana magari mengi ya wakati ule yana upana wa mita 1.695 kamili. Si bahati, ni mhandisi aliyesimama milimita 5 kabla ya mstari.

RAV4 ya kwanza ya 1994 ilikuwa na upana huohuo wa 1.695, sawa na Corolla ya mwaka 2000. Ile ya pili, ya mwaka 2000, ilipanuka hadi 1.735. Hizo ni sentimita 4, upana wa vidole viwili. Lakini ekseli zake zimeachana mita 2.49, wakati za Corolla zimeachana 2.60. Yaani SUV hiyo ni *fupi* kuliko sedani kati ya magurudumu! Inashinda kwa paa pekee: karibu mita 1.68 dhidi ya 1.47.

Kwa hiyo watu watatu wazima kiti cha nyuma watabanana mabega karibu sawasawa. Atakayefurahi ni mwenye kichwa kirefu, mzee asiyetaka kuinama akiingia, na mwenye gunia.

Lita za kwenye karatasi

Buti hupimwa kwa lita. Kipimo cha Wajerumani hujaza vipande vya milimita 200 kwa 100 kwa 50, kila kimoja lita 1, kisha huvihesabu. Tatizo ni kwamba wengine huhesabu hadi usawa wa dirisha, wengine hadi kwenye paa. Usilinganishe namba mbili kabla ya kujua zimepimwa wapi.

Sedani ina tatizo jingine: mdomo. Ni kama diski yenye nafasi ya kutosha iliyokatikakatika. Lita zipo, lakini gunia la kabichi kutoka Wundanyi haliingii kwa sababu tundu ni dogo.

Nafasi si kiti

Hapa ndipo hesabu inapogusa maisha. Sheria za Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, ziliweka wazi kwamba abiria wa matatu huhesabiwa kwa viti na mikanda. Lakini Probox, iliyozinduliwa 2002, ina upana usiofika mita 1.70 na viti visivyozidi 5, na bado vijijini utaiona imejaza watu hadi buti. Mita za ujazo zinaruhusu. Breki, springi na mikanda haviruhusu. Na SUV nayo ina deni lake: zile sentimita za juu zinapandisha uzito, na gari lenye uzito juu hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona za mteremko wa Mwatate, hasa likiwa na mzigo juu ya paa.

Basi ukienda kununua gari, beba futi. Pima upana wa kiti cha nyuma usawa wa mabega, kutoka kiti hadi paa, kutoka goti hadi kiti cha mbele, na mdomo wa buti. Kisha hesabu mikanda. Idadi ya mikanda ndiyo idadi ya watu wako, liwe sedani au SUV.