Dola moja kwa kila kichwa

Nilianza kujifunza kuogelea nikiwa na miaka 41. Siku ya kwanza nilifika mita 15, nikashika ukingo wa bwawa na kuhema juujuu huku watoto wa darasa la pili wakinipita. Triathloni niliyojiandikisha ilitaka mita 750 ziwani, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Na hiyo ndiyo fupi.

Ukurasa wangu wa kuchangisha fedha za wagonjwa wa saratani ulikuwa na majina matano. Mmoja, dereva mwenzangu kazini, alitoa dola 20 kisha akaniuliza: "Sasa nimetoa kwa sababu ya wagonjwa, au kwa sababu wewe unaweza kuzama?" Tulicheka wote, lakini swali nikarudi nalo nyumbani.

Mchezo wenyewe ulianza bila mgonjwa yeyote. Jumatano jioni, Septemba 25, 1974, watu 46 walikusanyika Mission Bay, San Diego, kwenye shindano lililoandaliwa na Jack Johnstone na Don Shanahan wa klabu ya wakimbiaji ya mji huo. Walikimbia, wakaendesha baiskeli, wakaogelea. Giza likawakuta wa mwisho wakiwa bado majini. Ilikuwa michezo tu.

Kutoa jasho kwa ajili ya saratani kuna chanzo kingine, na kwangu hakiko mbali. Naishi mji jirani na Port Coquitlam, magharibi mwa Kanada, alikokulia Terry Fox. Machi 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa saratani ya mfupa. Wodini aliona watoto wakiteseka kuliko yeye, na hilo halikumtoka. Februari 1979 akaanza mazoezi. Nyumbani alisema anajiandaa kwa marathoni ya Vancouver. Mguu wake wa bandia ulichelewa kurudi mbele, kwa hiyo kila hatua aliruka mara mbili kwa mguu mzima. Kwenye mashindano yake ya kwanza, Prince George, alimaliza wa mwisho. Hapo nilimpenda.

Aprili 12, 1980 alichovya mguu wa bandia kwenye Atlantiki, huko St. John's, akaanza kuivuka Kanada, karibu marathoni nzima kila siku. Mwanzoni hakujulikana. Ila Port aux Basques, mji wa watu kama 10,000, ulimkabidhi zaidi ya dola 10,000. Baadaye hesabu hiyo ikawa ndiyo lengo lake: dola moja kwa kila Mkanada, nao walikuwa kama milioni 24.

Septemba 1, karibu na Thunder Bay, kifua kilimbana akashindwa kuendelea. Saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alikuwa amekimbia siku 143, kilomita 5,373, na mfukoni mwa mchango kulikuwa na takriban dola milioni 1.7. Siku chache baadaye kituo kimoja cha televisheni kiliendesha harambee ya usiku mmoja, zikapatikana milioni 10.5. Kufikia Februari 1981 lengo lilikuwa limepita. Juni 28 mwaka huo akafariki, akiwa na miaka 22.

Nilizisoma namba hizo mara mbili, kisha nikafunga kompyuta. Miezi mitano na milioni 1.7, usiku mmoja na milioni 10.5. Mimi namba hizo nilikuwa nazijua, kwa shilingi.

Kaka yangu alipougua, Morogoro, shemeji alifungua kikundi cha WhatsApp cha matibabu. Wiki tatu, laki nne na nusu. Wengi waliandika "pole sana, tuko pamoja". Mimi niliye Kanada nilituma dola 50 na kuahidi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukanikuta na kodi ya nyumba, wa pili vilevile. Kaka alipofariki, kikundi kilibadilishwa jina asubuhi, na kabla ya saa nne usiku kulikuwa na milioni tatu na laki mbili. Mimi peke yangu nilituma dola 600. Zilipatikana wapi? Zilikuwepo.

Mwaka 1988 Bruce Cleland, baba wa mtoto aliyekuwa na saratani ya damu, aliwakusanya wakimbiaji 38 kwenye marathoni ya New York, wakapata dola 322,000. Mpango huo baadaye ukaingia hadi kwenye triathloni, na leo watu kama mimi tunaukuta ukiwa jambo la kawaida: unajiandikisha, unafungua ukurasa, unaomba. Unaomba wakati bado kuna mtu wa kutibiwa.

Jumapili iliyopita nilifikisha mita 600. Nikampigia mama. Hakuelewa kwa nini mtu aombe pesa kwa kuogelea, nami sikujaribu sana kumweleza.

"Huyo mgonjwa ni nani?"

"Simjui, mama. Ni wengi."

"Wako hai?"

"Wako hai."

Akanyamaza kidogo. "Basi niwekee na mimi elfu kumi. Nitakurudishia."